Swichi inayorudisha ndege nyumbani: kupanga modi za kuruka kwenye rimoti

Ndege ndogo isiyo na rubani ikizama ndani ya miombo ya milima yetu, kuitafuta ni kazi ya kupasua pori kwa miguu. Mara nyingi kinachoiokoa ni swichi moja kwenye rimoti, iliyopangwa vizuri kabla ndege haijaondoka chini. Tunaeleza hapa swichi hiyo inavyofanya kazi, kwa vijana wanaojifunza kurusha ndege hizi na kwa yeyote anayezisikia zikivuma juu ya shamba lake.

Modi ya kuruka ni nini?

Chukua simu yako. Ukiiweka kimya inabaki simu ile ile, ila inavyoitikia imebadilika. Modi ya kuruka ni hivyo hivyo. Mrushaji akigeuza swichi, vijiti viwili vya rimoti ni vile vile, lakini ndege inavitii kwa namna nyingine.

Kuna modi za aina mbili, na wanaoanza huzichanganya. Za kwanza zimo ndani ya rimoti yenyewe. Wanaorusha ndege za mfano zisizo na injini huzitumia kubadili mkao wa mabawa: mmoja wa kupanda, mwingine wa kuelea, mwingine wa kutua. Za pili zimo ndani ya kifaa cha kuongoza kilichofungwa kwenye ndege, na rimoti hutuma tu ujumbe wa kuchagua. Hizi za pili ndizo tunazozungumzia.

Zinatumika wapi?

Mwaka 2012 watafiti Serge Wich na Lian Pin Koh walijaribu jambo hili Sumatra, Indonesia. Walichukua ndege ya mfano ya kuendesha kwa rimoti, wakaifunga kamera na kifaa cha kuongoza chenye programu ya ArduPilot, wakapiga picha za msitu kwa gharama isiyofika dola 2,000 za Marekani. Baadaye Wich na wenzake walifanya kazi huku kwetu magharibi mwa Tanzania, katika Bonde la Issa, wakipima kama viota vya sokwe vinaonekana kwenye picha zilizopigwa kutoka juu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018.

Mwaka huo huo, majaribio ya DHL, GIZ na kampuni ya Wingcopter yalipeleka dawa kisiwani Ukerewe: kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Ndege ile hupaa wima kama helikopta, kisha hugeuza mota zake na kwenda mbele kama ndege ya mabawa. Huko nako ni kubadili modi.

Modi muhimu

Kwa ndege ya mabawa yenye ArduPilot, hizi ndizo za kujua kwanza:

- Mkono: ndege inafuata vijiti moja kwa moja, bila msaada wowote.
- Kusawazisha: ukiachia vijiti, ndege inajinyoosha yenyewe. Anayejifunza aanzie hapa.
- Kuzunguka: ndege inazunguka juu ya sehemu moja kwa kufuata GPS.
- Safari: inafuata njia uliyoichora kwenye kompyuta.
- Kurudi: inarejea mahali ilipoondokea.

Kupanga swichi

Rimoti hutuma namba kwa kila swichi, kuanzia karibu 1,000 hadi 2,000. ArduPilot hugawa namba hizo katika vyumba sita, na kila chumba kina modi yake. Swichi ya hatua tatu hutuma takriban 1,000, 1,500 na 2,000, kwa hiyo hufungua chumba cha 1, cha 4 na cha 6. Ukijaza chumba cha 1, 2 na 3, modi mbili kati ya hizo hazitapatikana kamwe. Hilo ni kosa la kawaida.

Angalia pia swichi imeunganishwa na chaneli ipi. ArduPilot ikiwa haijabadilishwa, ndege ya mabawa husoma modi kwenye chaneli ya 8, na ile ya panga nne kwenye chaneli ya 5.

Weka modi ya kurudi mwisho wa swichi, mahali ambapo kidole kinafika bila kutazama. Mtu akishtuka hapati nafasi ya kutafuta.

Kimo cha kurudi

Hapa ndipo milima yetu inapodai uangalifu. Ndege ya panga nne ikiamriwa kurudi, hupanda kwanza hadi kimo kilichowekwa, kisha hunyoosha moja kwa moja kuelekea nyumbani. Kimo kinachokuja na programu ni mita 15 tu, na kinahesabiwa kutoka mahali ilipopaa. Hakifuati ardhi iliyo chini yake.

Tuseme umeirusha kutoka bondeni, na kati yako na ndege kuna kilima cha mita 60 chenye miti ya mita 20. Kwa mita 15 ndege itajigonga kwenye mteremko huku ikitii amri yako kikamilifu. Jumlisha 60 na 20, kisha ongeza 20 za usalama: weka 100.

Ndege ya mabawa hurudi kwa mita 100 isipobadilishwa, lakini haitui yenyewe. Itazunguka juu yako hadi uichukue kwa mkono au betri iishe.

Mawasiliano yakikatika

Kilima kinaweza kukata mawimbi ya rimoti. Ndege ya mabawa iliyopangwa vizuri, ikiwa inaongozwa kwa mkono, husubiri sekunde moja na nusu kisha huanza kuzunguka. Zikifika sekunde tano, inarudi. Lijaribu hili chini, panga ikiwa imetolewa: zima rimoti, uone kama modi inabadilika.

Kabla ya kupaa

1. Subiri GPS ishike setilaiti, maana hapo ndipo ndege inapokumbuka nyumbani ni wapi.
2. Geuza swichi hatua zote, na msomaji mwingine ataje modi anazoziona kwenye skrini.
3. Ukiwa kwenye kusawazisha, inamisha ndege kwa mkono. Bawa linaloshuka lazima kibawa chake cha nyuma kishuke pia, ili kulinyanyua.
4. Ikishapaa, jaribu modi ya kurudi ikiwa bado karibu.

Kurusha ndege hizi kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na ndani ya hifadhi kama Katavi na Mahale kunahitaji ruhusa ya TANAPA. Ukiikuta imeanguka shambani kwako, usiguse panga wala betri yake, maana panga zinaweza kuanza kuzunguka na betri iliyopondeka inaweza kuwaka moto. Mwite mwenyekiti wa kijiji.