Mlima Elgon: Sayuni ya wanaotafuta ishara

KUTOKA soko la Chwele, Kaunti ya Bungoma, Mlima Elgon huonekana umetanda upande wa kaskazini, mpana kuliko ulivyo mrefu. Wabukusu huuita Masaba, jina la mhenga anayetajwa kuwa chimbuko lao pamoja na ndugu zao Wagisu wa Uganda. Ni volkano iliyozimika zamani. Kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, kina mita 4,321 na kiko Uganda. Upande wa Kenya kipo Koitobos chenye mita 4,222.

Wengi huupanda kwa ajili ya kuni, malisho, asali au utalii. Hata hivyo, tangu kale wamekuwapo pia wanaoupanda kwa sababu nyingine: kutafuta sauti, nuru au ishara isiyopatikana bondeni. Katika mataifa ya Magharibi hamu hiyo imehusishwa, tangu katikati ya karne ya 20, na vyombo vya angani visivyotambulika, maarufu kama visahani virukavyo. Katika eneo la Bungoma na Kitale hamu hiyo ni ya kale zaidi, na kuna waliouawa kwa sababu yake.

Sayuni ya Masinde

Mwenyezi Mungu wa Wabukusu ni Wele, na mizimu ya wahenga huitwa misambwa. Kutokana na neno hilo, Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, aliita vuguvugu aliloanzisha mapema miaka ya 1940 Dini ya Msambwa. Masinde alikuwa amelelewa katika ukristo wa kimishenari, akawa mwanasoka mashuhuri na baadaye mtumishi wa baraza la wenyeji lililoamua kesi, kabla ya kuiasi serikali ya kikoloni.

Mafundisho yake yaliwataka watu warejee kwenye ibada za wahenga, na wakati huohuo yalichota kutoka katika Biblia. Kwa wafuasi wake Sayuni haikuwa ng'ambo ya bahari bali Mlima Elgon wenyewe, na kuupanda kwa maombi kukawa sehemu ya imani yao.

Serikali ya kikoloni ilitafsiri mienendo hiyo kuwa uchochezi. Mwaka 1945 Masinde alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akatoka mwaka 1947. Septemba mwaka huo aliongoza maelfu ya watu hadi kilima cha Chetambe, karibu na Webuye, kuwakumbuka Wabukusu waliouawa hapo na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Mnamo Februari 10, 1948, polisi waliufyatulia risasi umati wa waumini huko Malakisi na kuua watu 11. Siku chache baadaye dini hiyo ilipigwa marufuku, naye Masinde akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu.

Moto haukuzimika. Lukas Pkiech aliisambaza imani hiyo miongoni mwa Wapokot, na Aprili 24, 1950, wafuasi wake walipambana na askari huko Kolloa, Baringo. Maafisa watatu wa kizungu waliuawa, na upande wa waumini walikufa zaidi ya 20.

Uhuru haukumaliza uhasama huo. Dini ya Msambwa iliruhusiwa mwaka 1964, ikapigwa marufuku tena mwaka 1968. Masinde alifariki mwaka 1987, lakini waumini wake hawakutoweka.

Visahani na milima

Habari za visahani virukavyo nazo zilianzia mlimani. Mnamo Juni 24, 1947, rubani Mmarekani Kenneth Arnold alisema ameona vitu tisa vinavyong'aa vikipita kwa kasi karibu na Mlima Rainier katika jimbo la Washington. Magazeti yakaeneza jina la visahani, na dunia nzima ikaanza kutazama juu.

Afrika Mashariki haikuachwa nyuma. Asubuhi ya Februari 19, 1951, ndege ya shirika la East African Airways ikitoka Nairobi kwenda Mombasa, rubani Jack Bicknell pamoja na abiria wake walitoa taarifa ya kuona kitu kirefu chenye rangi ya fedha kikiwa kimetulia juu ya Mlima Kilimanjaro kabla ya kupaa na kutoweka. Kisa hicho kimesimuliwa tena na tena katika vitabu vya mambo hayo.

Kutoka kuona, watu walipita kwenye kuabudu. Mwingereza George King aliyedai kupokea ujumbe kutoka sayari nyingine aliasisi Aetherius Society mjini London mwaka 1955. Kati ya mwaka 1958 na 1961 jumuiya hiyo ilitangaza kwamba milima 19 ulimwenguni imejazwa nguvu za kiroho, na Kilimanjaro ikawa miongoni mwake. Wafuasi wake huipanda milima hiyo kuomba kwa ajili ya amani na uponyaji.

Kwa hiyo mzee wa Bukusu anayekwenda Masaba na mgeni anayekesha kileleni akingoja taa angani hawako mbali kama wanavyodhaniwa. Wote wawili huamini kwamba mahali pa juu pana mlango, na kwamba anayefika kwa moyo mweupe atapokewa kwa wema. Tofauti ni kwamba mmoja huwatafuta wahenga anaowajua kwa majina, ilhali mwingine huwatafuta wageni asiowafahamu.

Sayansi yasemaje

Mengi yanayoonekana angani milimani yana maelezo. Upepo unaopanda kilele huweza kuunda mawingu ya mviringo yaliyotulia mahali pamoja kama sahani. Sayari ya Zuhura hung'aa kiasi cha kudhaniwa taa inayosogea. Tangu mwaka 2019 setilaiti za Starlink zimeonekana zikipita kwa mstari kama shanga. Pete ya chuma iliyoanguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, Desemba 30, 2024, ilikuwa na uzito wa kilo 500 hivi, na Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ni kipande cha roketi.

Mwili nao una siri zake. Mwaka 2005 Shahar Arzy na wenzake walichapisha hoja kwamba upungufu wa oksijeni, upweke na uchovu huenda vikachangia sauti na maono yanayowapata watu milimani. Hoja hiyo haisemi lolote kuhusu kuwapo au kutokuwapo kwa Mungu. Inaeleza tu hali ya ubongo wa anayeona.

Hatari na kipimo

Kwa anayekusudia kupanda Elgon, tahadhari hutangulia sala. Njia inayotumiwa sana kuingia hifadhi ya taifa ni lango la Chorlim, upande wa Kitale, chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Mapango huwavutia watafutao utulivu, lakini pango la Kitum, ambamo ndovu huingia kuchimba chumvi, lilihusishwa na wagonjwa wawili wa homa ya Marburg, mwaka 1980 na 1987. Si mahali pa kulala wala pa kushika popo. Zaidi ya mita 2,500, anayeumwa kichwa, kutapika au kuchanganyikiwa ateremke mara moja, badala ya kuhesabu dalili hizo kuwa ufunuo.

Hatari kubwa zaidi hutoka kwa binadamu. Katika machafuko ya mwaka 2006 hadi 2008, kundi la Sabaot Land Defence Force liliwaapisha vijana na kuwaua mamia ya watu kabla ya jeshi kuingia Machi 2008. Huko Shakahola, Kaunti ya Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, ya watu walioambiwa wafunge hadi wafe ili wamwone Yesu. Kiongozi anayezuia chakula, anayekata mawasiliano na jamaa au anayedai mali kabla ya maono haongozi watu kwenye nuru.

Kwa upande wa pili, Shakahola isifanywe kisingizio cha kurudia makosa ya Malakisi. Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini. Nao wakazi wa mlima wana haki zao: Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Bungoma iliitambua ardhi ya Chepkitale kuwa ya jamii ya Waogiek, waliofurushwa humo mara kwa mara kwa jina la uhifadhi.

Mgeni anayepanda kutafuta ishara hupita basi katika makao ya watu. Kuomba ruhusa kwa wazee, kutochafua chemchemi na kutochukua kitu mahali pa tambiko ni adabu ya chini kabisa inayodaiwa na Masaba, iwe anangoja misambwa au visahani.