Ladha za Msimu: Baga ya Marekani na Zege la Mpanda

Historia tuliyofundishwa shuleni ilikuwa ya wafalme, vita na mikataba. Mwanafunzi anayemaliza kidato cha nne anakutajia Mkutano wa Berlin bila kupepesa macho, 1884 hadi 1885, lakini muulize chipsi mayai anayoila stendi kila jioni imetoka wapi. Atacheka. Atakwambia, "Aa, wewe nawe! Chipsi nayo ina historia?"

Inayo. Tumbo lina historia kama kichwa kilivyo nayo, na kwa mji kama Mpanda nathubutu kusema kwamba historia ya tumbo inaeleza mengi kuliko ile ya wakubwa. Lakini ili tuione vizuri ya kwetu, hebu kwanza tuchungulie ya wenzetu.

Mwaka 1967 jamaa mmoja aitwaye Jim Delligatti, aliyekuwa na migahawa ya McDonald's huko Pennsylvania, Marekani, alianza kuuza katika mji wa Uniontown baga yenye vipande viwili vya nyama, na kipande cha mkate katikati ya kuvitenganisha. Mwaka uliofuata ikaenea nchi nzima. Hiyo ndiyo Big Mac. Tangu hapo imekuwa ikitengenezwa kwa namna moja, kiasi kwamba tangu 1986 gazeti la The Economist la Uingereza hulinganisha thamani ya fedha za nchi mbalimbali kwa kutazama bei ya Big Mac. Yaani baga imekuwa kama mizani!

Lakini kitu kisichobadilika kina ugonjwa wake: kinachosha. Kampuni inalijua hilo. Ndiyo maana kila baada ya muda hutoa sura nyingine ya baga ile ile na kuipa siku za kuishi. Mwaka 2017 Wamarekani waliuziwa Big Mac kubwa kupita kawaida na nyingine ndogo, zote kwa muda maalum. Februari 2022 Uingereza ikaletewa Big Mac ya kuku, na katika baadhi ya migahawa ikaisha kabla hata ya siku zake. Oktoba 2024 ya kuku ikafika Marekani kwenyewe. Kila mara watu hukimbilia kuonja, kwa sababu wameambiwa kwamba wakichelewa hawataikuta.

Kiboko yao ni McRib, mkate wenye nyama ya nguruwe iliyofinyangwa ikapewa umbo la mbavu. Ilianza 1981. Mwaka 1985 ikaondolewa. Baadaye ikarudi, na mwaka 2005 kampuni ikatangaza ziara ya kuaga: wapenzi njooni mle kwa mara ya mwisho. Mwaka 2006 ikaaga tena. Mwaka 2007 ikaaga tena! Ni mgeni gani huyu anayeaga mara tatu na begi lake bado liko sebuleni?

Siri yake ni nyepesi. Palipo na kila kitu siku zote, uhaba ni bidhaa. Friji limejaa na barabara haikatiki mvua ikinyesha, kwa hiyo msimu unapaswa kutengenezwa ofisini na watu wenye kalamu na kalenda. Wanaamua ladha ianze lini na ife lini.

Kwetu Tanzania McDonald's haijawahi kufungua mgahawa, kwa hiyo Big Mac wengi wetu tumeila kwa macho tu, kwenye filamu. Lakini jirani zetu Kenya waliipata KFC mwaka 2011, na Januari 2022 wakaona kioja. KFC ya Kenya ilitangaza kwamba imeishiwa chipsi. Imeishiwa chipsi katika nchi ambayo Nyandarua yake imejaa wakulima wa viazi! Kumbe viazi vya migahawa ile vilikuwa vikitoka Misri kwa meli, na meli zilichelewa. Wateja wakaambiwa wachague kitu kingine badala ya chipsi. Wananchi wakaja juu, nao walikuwa na haki. Tukio lile lilionyesha jinsi chakula kinavyoweza kuuzwa katikati ya mji bila kuwa na mzizi hata mmoja katika udongo wa nchi hiyo.

Sasa turudi Mpanda.

Sisi baga yetu ni zege. Kwa msomaji aliye mbali: zege ni chipsi mayai, na jina limetoka kwa mafundi wa ujenzi, maana yai humwagwa juu ya chipsi kama saruji inavyomwagwa juu ya kokoto, vikashikana. Mkaanga chipsi huwa amekwisha kaanga viazi vyake kwenye karai tangu mapema. Ukifika, anachota, anaweka kwenye kikaango juu ya mkaa, anapiga mayai mawili, anamwaga, anasubiri, kisha anafunika kwa sahani na kugeuza lote kwa mpigo mmoja. Juu yake kachumbari, pilipili na tomato sosi ya kwenye chupa ya kubinya. Vijiti viwili vya kuchomea, mchezo umekwisha.

Zege halina Delligatti wake. Hakuna mtu aliyeweka jina lake wala tarehe yake kwenye daftari. Ni chakula cha watu wengi, kila mmoja kaongeza lake, na hapo ndipo Mpanda inapoingia, kwa sababu mji huu wenyewe umepikwa hivyo hivyo.

Kabla ya vita vya pili vya dunia hapa palikuwa pori la miombo, nchi ya Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, watu wa asali na mawindo. Kisha madini yakagunduliwa: risasi, pamoja na shaba, fedha na dhahabu. Wakoloni wakajenga reli ya kilomita zipatazo 210 kutoka Kaliua, ikafunguliwa 1950, ili kuyabeba madini. Mgodi wenyewe ukafungwa mwaka 1960, umri wa mtoto wa darasa la nne. Reli ikabaki. Neno moja nalo likabaki: posho. Kwetu posho ya leo ni fedha ya mkutano, lakini enzi zile ilikuwa ni kipimo cha unga na maharage alichopewa kibarua. Hicho ndicho chakula cha kwanza cha haraka cha Mpanda, chakula cha mtu ambaye muda wake umekwisha nunuliwa na mwingine.

Baada ya 1972 walikuja Warundi waliokimbia mauaji kwao. Wakapewa pori la Katumba, na baadaye, mwaka 1978, Mishamo. Walifyeka, wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku, wakaanza kuuza chakula badala ya kupewa. Mwaka 2014 serikali ilitangaza kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa makazi ya wakimbizi wale wa zamani. Wasukuma nao wakaja na ng'ombe wao. Wafipa walikuwa jirani tangu zamani, na hadi 2012, Katavi ilipofanywa mkoa, sote tulikuwa mkoa mmoja wa Rukwa.

Tazama sasa sahani. Kiazi mviringo hakikipendi sana kijoto chetu; kinatoka nyanda za baridi, Mbeya na Njombe, kwenye magunia ya lumbesa yaliyotuna kama mimba. Zamani kabla ya lami, mvua zikikolea, lori lilikwama njiani na kiazi kikaadimika. Mkaanga chipsi angefanya nini, afunge banda? La hasha. Alikaanga mihogo. Ndiyo chipsi dume hiyo. Dume kwa sababu inashiba na haina deko. Hakuna ofisi iliyokaa kikao kuamua kwamba mwezi huu kutakuwa na toleo maalum la mihogo. Ni tope lililoamua.

Nimeyaonja matoleo haya, tena kwa makini, kama mtu anayesoma kitabu. Zege la viazi ni laini, yai linaingia ndani ya chipsi na mwisho huwezi kujua kipi ni kipi. Zege la dume ni jingine kabisa: muhogo unakataa kumezwa na yai, unabaki na msimamo wake, na ukiwa umechimbwa karibuni unakuwa mtamu kwa mbali, huku ukiwa wa siku nyingi unakuwa na nyuzi za kubakia kwenye meno. Machi mahindi mabichi yanapofika, banda la chipsi linapata mshindani upande wa pili wa barabara, mahindi ya kuchoma yanayopakwa ndimu na pilipili, nayo hayatamngoja mtu hadi Julai.

Lakini tamu kuliko yote niliwahi kuila baada ya mvua za kwanza, mkaanga chipsi mmoja alipochukua fungu la uyoga wa kichuguu, akaukaanga kwa kitunguu, kisha akamwagia yai lake humo humo kwenye chipsi. Washikaji walimzomea, wakisema anaharibu zege la watu. Alipomaliza, waliomba waonje. Uyoga ule una utamu wa nyama lakini hauna uzito wa nyama, na yai liliubeba bila kuufunika. Aliuza siku chache tu. Wiki iliyofuata nilimuuliza, akajibu, "Umekwisha, kaka. Muulize Mungu."

Jibu hilo ndilo linalonifanya niandike.

Uyoga wa kichuguu hulimwa na mchwa wenyewe, ndani ya kichuguu, nao huchomoza mvua zinapoanza. Aina nyingine nyingi za uyoga wa porini huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti ya miombo kama mtundu. Mti huulisha uyoga, nao uyoga huusaidia mti kunyonya maji na rutuba. Ukikata mtundu, unakuwa umekata na uyoga ambao hujauona. Na sisi tunakata. Tunakata kwa ajili ya mashamba, kwa ajili ya kuni za kukaushia tumbaku, na kwa ajili ya mkaa, ule ule uliomo chini ya kikaango cha zege. Msimuone mkaanga chipsi kuwa mkosaji. Naye anatafuta mkate wake. Lakini ukweli ni kwamba moto unaopika zege la uyoga unaula mzizi wa uyoga.

Ziwa nalo limeanza kutupa onyo. Kutoka Karema na Ikola ndiko zinakotujia dagaa na migebuka. Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wapate kuzaliana, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Wengi walinung'unika, na mimi nawaelewa, maana miezi mitatu bila kitoweo na bila kipato si mchezo kwa mvuvi. Hata hivyo tazama tofauti. Marekani kampuni huiondoa ladha ili watu waitamani. Ziwani ladha iliondolewa ili isife.

Hapo ndipo njia zetu zinapoachana na McRib. McRib hurudi kwa sababu kuna mtu anaweza kuirudisha; akiamua kesho, kesho kutwa iko mezani. Uyoga wa Mpanda hauna mtu wa namna hiyo. Siku utakapokosekana hautatangaza ziara ya kuaga, wala hakutakuwa na foleni. Mvua itanyesha, akina mama watatoka na mabeseni alfajiri, watarudi nayo matupu, na watoto watakaozaliwa baada ya hapo hawatajua kwamba kuna kitu kimekosekana.

Kwa hiyo ninyi wenzangu mnaotaka kuwa waandishi, mnaoniambia kila tukikutana kijiweni kwamba mji wetu hauna hadithi, kwamba hadithi ziko Dar, Nairobi na New York, nawaomba kazi moja ndogo. Andikeni mnachokula. Andikeni mwezi, bei, aliyepika amejifunzia wapi, na kiazi kimetoka wapi. Kama ni uyoga, muulizeni bibi anayeuza jina lake kwa Kibende au Kikonongo, na aliuokota karibu na mti gani. Bibi huyo anajua aina ambazo zinaliwa na zile zinazoua, na elimu hiyo hana pengine pa kuiweka isipokuwa kichwani mwake.

Tarehe za Big Mac nimezipata bila taabu, mwaka, mji na jina la mtu. Za zege la Mpanda sikuzipata popote. Kazi hiyo ni yetu, na mvua za Novemba zikianza, sokoni patakuwa pa kuanzia.