Vigari vya mbio na bei yake

Tuliahidi kuandika juu ya historia ya magari baada ya yale mabishano ya Subaru na Starlet yaliyojaza simu zetu. Haya basi.

Tuanzie Kikuubo, pale Kampala tunapoendaga kununua madaftari na sabuni za kikundi. Kwa Kiganda jina hilo ni kichochoro, na kweli ni kichochoro: maduka ya jumla huku na huku, wabeba mizigo wanapita na katoni kichwani wakipiga kelele uwapishe. Safari yetu ya mwisho, Subaru Impreza moja ya bluu ilijichanganya ikaingia humo. Inanguruma kama simba, haiendi. Mzee mwenye toroli la sukari akaipita, akageuka, akacheka. Sote tukacheka isipokuwa mwenzetu mmoja, yule fundi wetu. Alibaki amesimama na boksi la sabuni begani, tukamwita mara tatu. Ana miaka minne anaweka pesa ya kununua Starlet. Mama yake anataka pesa hiyo ilipe karo ya mdogo wake wa kike.

Wazee wanamwambia gari ya mbio ni mambo ya matajiri. Tulipotafuta historia, tukakuta nusu ni kweli na nusu si kweli.

Mwaka 1953 yalianza mashindano yaliyoitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Sasa sikieni: magari hayakugawanywa kwa ukubwa wa injini, yaligawanywa kwa bei yake dukani! Ya bei ndogo ilishindana na ya bei ndogo. Na mwaka 1954 mshindi wa wote alikuwa Vic Preston na Volkswagen Beetle, kile kigari chenye mgongo kama kobe. Baadaye sheria za kimataifa zikaja, bei ikaacha kuhesabiwa. Kwa maoni yetu hapo walipoteza kitu kizuri.

Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, ambaye alikuwa fundi, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Mkono wa pili, kama karibu yote tunayoyaona Kampala leo.

Lakini mtu tunayetaka mumkumbuke zaidi ni Shekhar Mehta. Alizaliwa Uganda mwaka 1945, familia ya Kihindi yenye mashamba. Mwezi wa nane 1972 Idi Amin akatangaza kwamba Wahindi wana siku 90 za kutoka nchini. Siku 90! Wengine wetu hatukupata hata dakika 90, lakini kufunga mlango wa nyumba ukijua hutaufungua tena, hiyo tunaijua. Maduka yao ya katikati ya Kampala yakagawiwa watu wengine. Mehta akaenda Kenya. Pasaka ya 1973, hata mwaka haujaisha, akaingia kwenye East African Safari na Datsun 240Z. Akamaliza akiwa sawasawa kwa pointi na Harry Källström wa Sweden, naye pia kwenye Datsun, ikabidi watumie sheria ya kuwatenganisha waliofungana. Mehta akapewa ushindi. Halafu akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982, mfululizo, na Datsun Violet, gari ambayo ndugu zake za kawaida zilibeba watoto shuleni.

Tusidanganyane, hakuwa mkimbizi wa hema na foleni ya posho. Alikuwa na pesa, na kampuni ya Japani ilikuwa nyuma yake. Ila alifukuzwa kwao, hilo ni lilelile.

Sasa kidogo kuliko vyote. Mwaka 1993 Subaru walileta Safari kigari kinaitwa Vivio. Injini yake cc 658, yaani kama boda sita na nusu hivi! Watu walicheka. Colin McRae alikwenda nacho kwa fujo mpaka kikaharibika. Patrick Njiru wa Kenya alikwenda na chake kwa akili, akamaliza wa 12 kati ya wote na wa kwanza katika daraja lake.

Basi kwa nini mwenzetu bado anatembea kwa miguu? Toyota waliacha kutengeneza Starlet mwaka 1999. Mwaka 2018 Uganda ikapitisha sheria kwamba gari lililozidi miaka 15 haliingii tena nchini. Hesabuni wenyewe. Ile Starlet ya turbo, injini ndogo ya lita 1.3 inayokimbiza magari makubwa, haiji tena kutoka Japani, zilizopo ndizo hizo, na mwenye nayo anajua. Tena ukiipata, kuna petroli, matairi, bima. Sheria ina sababu zake, hewa ya Kampala tumeivuta na sisi. Lakini wanaofungiwa mlango ni wa mfuko mdogo, siyo mwenye Impreza ya bluu.

Mwenzetu karo aliilipa. Kwa pesa iliyobaki alitoka kimyakimya tukiwa Kikuubo, akaenda upande wa Kisekka kwenye spea, akarudi na turbo moja kuukuu ya Starlet imefungwa kwenye gunia la mchele. Gari hana! Tulimkasirikia njia yote. Siku hizi kila jioni anaifungua na kuifunga mbele ya nyumba yao, watoto wamemzunguka, na mdogo wake ndiye anashika spana.