Hifadhidata ikikataa kuandikwa, usikimbilie kuunda nyingine

MHAZINI wa chama anafungua tarakilishi jioni ili kuingiza michango ya mwezi. Majina ya wanachama yanaonekana na salio linaonekana, lakini kila anapojaribu kuandika tarakimu mpya, programu inamkatalia. Faili imekwama katika hali ya kusomwa tu.

Katika Microsoft Access, programu ya hifadhidata iliyozinduliwa mwaka wa 1992, hali hii hutangazwa kwa utepe wa manjano wenye maneno 'Read-Only', pamoja na kitufe cha kuhifadhi nakala nyingine. Kitufe hicho ndicho mtego. Nakala mpya hukubali kuandikwa, naam, lakini faili asili hubaki palepale. Baada ya wiki mbili, michango ya baadhi ya wanachama imo katika faili moja na ya wengine katika nyingine, na kuzioanisha ni kazi ya usiku kucha. Mkutanoni, atakayeulizwa pesa zilikoenda ni mhazini, si tarakilishi.

Utepe huo usichanganywe na ule unaotoa tahadhari ya usalama na kumtaka mtumiaji aidhinishe yaliyomo. Huo wa pili hauzuii mtu kuandika rekodi.

Kabla ya kugusa lolote, funga programu, nakili faili nzima kwenye diski nyingine na uipe jina lenye tarehe. Nakala hiyo ni ya akiba tu. Usiandike ndani yake.

Kisha bofya faili yenyewe kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague Properties. Iwapo kisanduku cha 'Read-only' kimetiwa alama, iondoe. Faili zilizotoka kwenye CD mara nyingine huja na alama hii. Usihangaike na kisanduku kama hicho kwenye folda: huwa kimejazwa hata pale ambapo hakuna tatizo lolote. Na ikiwa faili ilifunguliwa ikiwa bado ndani ya furushi la zip, itoe kwanza uiweke kwenye folda ya kawaida.

Wengi hufika hapo, wasione kasoro, wakakata tamaa. Sababu ni kwamba kizuizi mara nyingi hakiko kwenye faili bali kwenye folda. Access inapofungua hifadhidata kwa matumizi ya pamoja, huunda kando yake faili ndogo yenye jina lilo hilo, ikiishia kwa .laccdb, au .ldb kwa hifadhidata za muundo uliotangulia toleo la 2007. Kazi yake ni kuweka kumbukumbu ya walio ndani. Mtumiaji asiyekuwa na idhini ya kuunda faili katika folda hiyo hufunguliwa hifadhidata kwa kusoma tu, hata kama faili kuu haina doa. Hutokea hivyo hifadhidata inapowekwa kwenye Program Files, au kwenye akaunti ya mtu mwingine wa nyumba hiyo hiyo. Dawa ni kuihamishia kwenye folda yako ya nyaraka, au kumwomba msimamizi wa tarakilishi akupe idhini ya kurekebisha folda iliyomo.

Kwa kawaida, anayetoka mwisho ndiye anayeifutia mlango faili hiyo ndogo. Stima ikipotea ghafla, hubaki. Ikiwa una hakika kwamba hakuna aliye ndani, unaweza kuifuta. Windows ikikataa, basi kuna anayeitumia, na huenda ni Access yenyewe iliyofungwa kwa macho tu huku ikiendelea chini kwa chini. Kuwasha tarakilishi upya humaliza hilo. Kamwe usiifute huku mwenzako akiandika kwenye tarakilishi nyingine, kwani rekodi zinaweza kuvurugika.

Hifadhidata inayokaa kwenye flashi au kadi ya kumbukumbu yahitaji tahadhari zaidi. Kadi kubwa za SD zina kiswichi pembeni cha kuzuia uandishi; kisukume upande wa pili. Lakini flashi isiyokuwa na kiswichi ikianza kukataa kila faili, huenda inakaribia kufa: baadhi hujifunga zenyewe zinapogundua hitilafu. Usiifomati kwa matumaini ya kuifungua. Nakili kila kitu haraka, ukiweza, kisha uitupe.

Iwapo jedwali linakubali rekodi na fomu inakataa, tatizo liko katika muundo. Hoja inayojumlisha michango ya kila mwanachama, kwa mfano, haiwezi kuandikiwa. Andika kwenye jedwali la michango lenyewe. Angalia vilevile ukubwa wa faili, kwa kuwa kikomo cha Access ni gigabaiti 2. Inayokaribia hapo huhitaji kubanwa kwa amri ya Compact and Repair, na nakala ya akiba iwe tayari kando.