Vyombo vya Maji Haba: Mafia na Milango ya Rufiji

Wazee wa pwani husema, Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Mtoto ayasikiapo maneno haya hucheka, kwa kuwa humwona moyoni mwake chungu yule mdogo akitapatapa katika kifuu cha nazi kama nahodha aliyepotea njia. Lakini yana mafundisho kwa kila apendaye kujua habari za vyombo. Ukubwa wa maji haupimwi kwa macho tu. Hupimwa kwa chombo kinachopita juu yake. Maji ambayo kwa mtumbwi ni njia pana, kwa manowari ni sawa na nchi kavu. Jambo hili limeonekana wazi katika maji yaliyo kati ya kisiwa cha Mafia na mto Rufiji, tangu zamani za kale hata vita ya mwaka wa 1915.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Mto Rufiji ukikaribia bahari hauishii katika mlango mmoja, bali hugawanyika kuwa matawi mengi, na kila tawi lina mlango wake, kama vile Simba Uranga, Kikunja na Msala. Kati ya matawi hayo mna visiwa vya matope na msitu mkubwa wa mikoko, unaozidi mingine yote ya pwani ya Afrika ya Mashariki. Mbele ya milango hiyo, ng'ambo ya mkondo wa bahari, ndipo kilipo kisiwa cha Mafia pamoja na visiwa vyake vidogo, Chole, Juani na Jibondo. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka yapata futi 10. Mahali palipokuwa bahari asubuhi, adhuhuri ni fungu la mchanga, na ndege wanatembea juu yake wakitafuta chakula.

Katika nchi kama hii chombo chenye mkuku mrefu ni mzigo kwa mwenyewe. Mtumbwi umechongwa katika gogo moja, hauna mkuku, na chini yake umekaribia kuwa bapa. Kwa hiyo huelea katika maji yasiyofika magotini. Maji yakiwa mengi mtu hupiga kafi. Yakipungua hushika upondo na kuusukuma mtumbwi kwa kuchoma chini. Yakiisha kabisa hushuka na kuuburura. Mashua na majahazi yaendayo kuchukua boriti za mikoko huingia na maji kujaa, na maji yakipwa hupwelewa juu ya matope. Mabaharia hawafadhaiki, kwani ndiyo desturi yao; hupakia mizigo na kungoja maji yarudi. Basi rubani wa huku hana budi kujua mambo mawili, njia na saa. Njia iliyo njema saa hii, baada ya saa tatu yaweza kuwa mtego.

Ujuzi huu si wa jana. Yapata miaka 1,900 na zaidi iliyopita, mfanya biashara mmoja wa Kigiriki aliandika habari za pwani yetu. Alitaja kisiwa kiitwacho Menuthias, kisicho na milima, chenye miti mingi, na watu wake walikuwa na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba na mitumbwi ya gogo moja, wakavua samaki na kasa. Wataalamu hawapatani kama kisiwa hicho ni Mafia, au Unguja, au Pemba. Lakini lililo hakika ni hili, kwamba mtumbwi ulikuwapo kabla ya majumba ya mawe ya Kua, na kabla ya Waarabu wa Omani, na Wadachi, na Waingereza kuja kutawala huku.

Sasa tuje kwenye vita. Tarehe 20 Septemba, 1914, manowari ya Kidachi jina lake Königsberg iliipiga manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, ikaizamisha. Kisha nahodha wake, Max Looff, akaingia katika matawi ya Rufiji kujificha, na mikoko ikamfunika. Mwisho wa Oktoba Waingereza wakaigundua, wakaja na manowari kubwa zenye mizinga ya nguvu. Zilifanya nini? Zilisimama nje. Mafungu ya mchanga yalizizuia, na mizinga yake haikufika. Mwezi wa Novemba wakazamisha meli yao wenyewe, Newbridge, ili kuziba njia. Lakini Rufiji si nyumba ya mlango mmoja.

Mwezi wa Januari, 1915, Waingereza wakaitwaa Mafia, ikawa kituo chao. Wakamtuma Pieter Pretorius, mwindaji aliyekuwa amekaa kando ya Rufiji kabla ya vita. Je, aliingia kwa manowari? Sivyo. Aliingia kwa mtumbwi, pamoja na wenyeji, akapima kina kwa mti mrefu na kuandika saa za maji kujaa na kupwa. Hivyo ufalme uliokuwa na manowari nyingi kuliko falme zote duniani ulijifunza njia kwa kafi na upondo.

Kisha vikaletwa vyombo viwili, Severn na Mersey. Vilikuwa vimeundwa Uingereza kwa ajili ya nchi ya Brazil, vipite katika mto Amazon. Chini ni bapa, na kina cha futi 6 kilivitosha. Vilikokotwa kutoka Malta, vikafika Mafia mwezi wa Juni, na ndege ziliruka kutoka kisiwani ili kuonyesha mizinga shabaha. Tarehe 6 Julai waliingia kwa mlango wa Kikunja, lakini Mersey ikapigwa na watu wakafa, wakarudi nyuma. Tarehe 11 wakaingia tena, na siku hiyo Königsberg ikaungua, Wadachi wenyewe wakaimalizia. Baadaye waliitoa mizinga yake yote kumi, ikavutwa nchi kavu kwa nguvu za watu, ikapiganiwa mahali pengi.

Wasomaji wapendwa, majina ya manahodha na ya meli hizo yameandikwa katika vitabu. Bali waliokaa katika mtumbwi ule usiku, wakijua kwamba wakikamatwa watauawa, husimuliwa kuwa ni “wenyeji” tu, bila jina wala kabila. Vita haikuwa yao, lakini njia ilikuwa yao.

Nasi tufanyeje? Wako bado huko Mafia na Rufiji wazee wajuao kila tawi, kila fungu, na saa yake. Mto hubadilika, tawi moja hufunga na jingine hufunguka, na ramani huchakaa upesi. Kijana aliyesoma asimdharau mzee mwenye upondo kwa kuwa hajui kuandika. Na achukue kalamu, apande mtumbwini, amwulize majina ya njia hizo, na jina la mzee mwenyewe aliandike juu kabisa ya karatasi.