-pidaka: nimeambiwa

Katika Kitariana, lugha ya bonde la mto Vaupés kaskazini-magharibi mwa Brazili, huwezi kusema tu kwamba José alicheza mpira. Lazima kitenzi kitaje ulijuaje: -ka, ulimwona, -mahka, ulizisikia kelele za mchezo, -pidaka, uliambiwa. Sisi tunazo "eti" na "inasemekana", ila tukipenda twaziacha. Mtariana hana ruhusa hiyo, na mimi naiona adabu kubwa. Mwanaisimu Alexandra Aikhenvald aliyaeleza haya katika sarufi yake ya mwaka 2003, wasemaji wakiwa takribani 100. Shule za bweni za wamisionari ziliwanyima watoto lugha za baba zao. Majumbani Kitukano, lugha ya majirani, kikashika nafasi ya Kitariana. Wazee wangalipo: walipwe, wafundishe.