Pemba na kiungulia

Kwa msomaji wa Unguja, Pemba ni kisiwa. Sokoni Kolwezi, nchini Kongo, pemba ni udongo mweupe ambao akina mama wajawazito hutafuna ili kutuliza kichefuchefu na kiungulia. Jina nalipenda, udongo wenyewe wanitia hofu. Huweza kuzuia mwili kufyonza madini ya chuma, tena waweza kubeba madini ya risasi, katika mji ambao tayari unavuta vumbi la shaba na kobalti.

Mama, badala ya pemba, kula kidogo kidogo, usilale mara baada ya mlo, inua kichwa kitandani. Dawa ya kupunguza asidi muulize kwanza muuguzi, magadi usinywe. Maumivu chini ya mbavu, pamoja na kichwa kuuma na macho kuona ukungu, usiyaite kiungulia: wahi hospitali saa hiyo hiyo.